Safu ya Maelezo

Juzi mwanangu alikuwa anajaza fomu ya shule akaniuliza: "Mama, jina langu limo, la baba limo, la babu limo. Namba ya nini tena?" Nikamwambia aandike tu. Akili yangu ilishafika Hombolo, Dodoma, kwenye ofisi ya ushirika wa wakulima wa zabibu, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo.

Kazi ilikuwa kuhamisha daftari kwenye kompyuta. Kichwani nilikuwa na Codd, yule Mwingereza wa kampuni ya kompyuta ya IBM aliyeandika mwaka 1970 kwamba data ipangwe kwa majedwali. Katibu, mzee wa Kigogo, alinifungulia daftari lake. Kila mkulima akileta mzigo aliandikwa upya: jina, kitongoji, simu, ndipo kilo. Mtu yuleyule ana simu tatu tofauti, hujui ipi inapatikana. Nikamchorea majedwali mawili, la wakulima na la mizigo. Mkulima anaandikwa mara moja na kupewa namba, mzigo unabeba ile namba tu. Akibadili simu, unasahihisha sehemu moja.

"Namba anapewa ng'ombe, binti."

Nje kulikuwa na malipo ya mavuno ya Agosti. Karani akaita jina, wakainuka bibi wawili. Majina matatu yaleyale, kitongoji kilekile. Wakatazamana, wakaangua kicheko, mmoja akaishia kukalia kreti tupu huku akijifuta machozi kwa pindo la khanga. Karani kaduwaa na bahasha mkononi. Nikamgeukia katibu, nikijua sasa ataelewa. Mzee hata daftari hakuligusa. "Hiyo ya huyu aliyekaa. Mwenzie mbuzi waliingia shambani, hakupata kitu mwaka huu."

Namba tuliziweka, kwa masharti yake: kwenye risiti jina litangulie, na jedwali la wakulima liongezwe safu ya "maelezo". Nilibisha, maana safu ya hivyo kila mtu huandika lake na huwezi kuitafutia chochote. Nikaiweka.

Aliijaza yote: nani mjane, nani hajui kusoma asomewe risiti, nani hasalimiani na nduguye. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mteja akiniomba safu kama ile namkatalia. Ya Hombolo bado ipo. Wamenipigia mara kadhaa nikaisafishe, nasema nitakuja.