Misheni imefungwa, na bomba je?

Jumapili iliyopita tumeifunga misheni. Nasema tumeifunga kama vile mimi ni mzee wa kanisa, wakati nilikuwa tu yule Mwafrika anayetokea Gallup, mji wa New Mexico huku Marekani, mara mbili kwa mwezi na gari limejaa nepi na vyakula vya kopo, lakini miaka sita bana, ukishakula kondoo wa watu miaka sita huwezi kujiita mgeni.

Kwa asiyejua, watu wenyewe ni Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, wenyewe wanajiita Diné, na nchi yao humu ndani ya Marekani ni kubwa ajabu, imekalia majimbo matatu, Arizona, New Mexico na Utah, kama kilomita za mraba 71,000 hivi. Ila watu wametawanyika. Nyumba moja hapa, ya pili unaiona kule chini ya mwamba kama kiberiti, na katikati njia ya vumbi ambayo mvua ikinyesha inakuwa gundi, nshalala kwenye gari mara mbili mimi. Misheni yenyewe ilikuwa kanisa dogo la mawe, jiko nyuma, kengele, makaburi yenye uzio wa waya, na nje ukutani bomba.

Hilo bomba ndo habari yenyewe. Karibu theluthi ya nyumba za huko hazina maji ndani, hii Marekani hii hii, na si kila kisima cha jangwani unakunywa tu, manake kuanzia 1944 hadi 1986 walichimba sana urani kwenye hiyo ardhi na migodi zaidi ya 500 ikaachwa hivo hivo. Kwahiyo watu wanakuja na pikapu, nyuma tenki la plastiki, wanachomeka mpira, wanasubiri. Wengine sijawahi kuwaona ndani ya kanisa hata siku moja. Wanasubiri maji, wanapiga stori, wanaondoka. Mchungaji hakuwahi kuwauliza kitu, na kwa maoni yangu hayo ndo yalikuwa mahubiri yake mazuri kuliko ya ndani, ambayo samahani lakini yalikuwa marefu.

Kuna bibi mmoja pale, wote tunamwita Shimásání, bibi mzaa mama kwa lugha yao. Siku ya kwanza kanipa mkono, wao hawakubani mkono wanagusa tu, nikadhani hajanipenda. Akaniuliza koo zangu. Kwao mtu anajitambulisha kwa koo nne na ya mama inatangulia, mimi nikaanza na ya baba kama nilivyolelewa, akanikatiza hapo hapo, ya mama kwanza! Nikaitaja. Akarudia polepole mpaka ikamkaa mdomoni, na tangu siku hiyo akinitambulisha kwa mtu anaanza nayo.

Sasa nisije nikaonekana naililia misheni tu. Wamisheni hawakuja huko wenyewe wenyewe. Wanavajo walitembezwa kwa miguu na jeshi mwaka 1864 hadi kule wanakoita Hwéeldi, kambi waliyofungiwa, wakafa wengi, wakaruhusiwa kurudi kwa mkataba wa 1868, na mwaka uliofuata tu serikali ya Rais Grant ikaanza kugawia madhehebu maeneo ya wenyeji kama mtu anavyogawa viwanja, Wanavajo wakaangukia kwa Wapresbiteri. Baadaye wakaja Wafransisko, watawa wa Kikatoliki, na wengine (padri kwa Kinavajo ni yule anayeburuza nguo, sababu ya kanzu, nimelipenda sana hilo neno). Na shule za bweni, mtoto ananyolewa nywele, akiongea lugha ya kwao anaadhibiwa. Shimásání alioshwa mdomo kwa sabuni. Ananisimulia huku anakanda unga wa Blue Bird, ule wa kwenye mfuko wa kitambaa, wala hainui macho. Halafu mdomo ule ule uliooshwa ndo ukaja kuombwa usome madhabahuni, manake Agano Jipya kwa Kinavajo lilitoka 1956 na Biblia nzima 1985, na wasomaji wazuri walikuwa hao hao mabibi. Humo Mungu anaitwa Diyin God, yaani God la Kiingereza limeachwa vilevile likatanguliziwa Diyin, mtakatifu. Sisi tulilikuta neno Mungu lipo tayari linatusubiri. Nilimuuliza haimsumbui? Akasema anajua anaongea na nani.

Kwanini imefungwa, hakuna siri. Vijana wako Phoenix na Albuquerque kwenye kazi, mchungaji kastaafu hakuletwa mwingine, paa linavuja. Na corona. Mwezi wa tano 2020 Wanavajo waliipita hata New York kwa maambukizi ukilinganisha na idadi ya watu, wikiendi watu wanafungiwa saa 57 hakuna kutoka, na ilipoisha benchi la mbele la waimbaji lilikuwa na watu wawili. Mwishoni tulikuwa tunahudhuria kumi na moja, na mimi nikiwemo.

Siku yenyewe basi. Ibada saa nne. Mgeni wa kutoka ofisi ya dhehebu, mwenye barua ya kufunga, anatokea Phoenix, Arizona. Sasa Arizona hawasogezi saa mbele wakati wa kiangazi ila Wanavajo wanasogeza, kwahiyo saa nne yake ni saa tano yetu. Hatukumsubiri. Shimásání akasoma, mjomba mmoja akaomba kwa Kinavajo muda mrefu sana, kengele ikapigwa, mgeni anaingia na suti yake tayari tunanawa mikono tule. Akasoma barua sahani zikiwa magotini. Watu walimpigia makofi kwa adabu na akapewa nyama nzuri.

Kilichonikaa ni daftari. Zamani Wanavajo wengi hawakutaka kabisa kushika maiti, ni jambo la hatari kwao, hivo wamisheni ndo walikuwa wanaitwa kuzika, hata mtu ambaye hajawahi kubatizwa. Waliozikwa waliandikwa kwenye daftari moja jeusi, jalada limefungwa kwa plasta, wengine wana jina, wengine imeandikwa tu mtoto mchanga na ukoo wa mama. Yule mgeni akaliweka kwenye boksi pamoja na vitabu vya nyimbo, vinaenda kuhifadhiwa Phoenix. Shimásání akainuka na fimbo yake, akafungua boksi, akalitoa, akalikalia. Akalikalia kweli, kwenye kiti, na sketi yake ya velveti juu. Mgeni akatuangalia mmoja mmoja. Hakuna aliyesema kitu. Akaendelea kufunga maboksi.

Baadaye aliniita nipige picha kila ukurasa kwa simu yangu. Kurasa 46. Upepo unapeperusha, yeye anabana kona kwa kidole. Ukurasa mmoja alichelewa kuufunua, nikajua, sikuuliza.

Ardhi ilikuwa ni ruhusa tu ya kutumia, inarudi kwa taifa lao, hiyo haina ubishi. Majengo yatajadiliwa kwenye mkutano wa chapta, yaani serikali yao ya mtaa, na bomba pia, sababu pampu ni ya umeme na bili ilikuwa ya kanisa. Nimeuliza mkutano lini, nikaambiwa watatangaza. Umeme umelipiwa mpaka tarehe 31. Jana kulikuwa na pikapu tisa zimepanga foleni, zingine zimetoka mbali hata sizijui, na Jumamosi naenda na mapipa manne ya Shimásání, lake moja limepasuka.