Mgebuka ukishafika tumboni

Jamani sisi wa Kigoma ugali wa muhogo na mgebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) tunaujua vizuri sana ila kinachoendelea huko ndani wengi hatuna habari. Ugali unaanza kuvunjwa mdomoni na amilesi ya mate, kimeng'enya cha kuvunja wanga, hiyo inapenda pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi ukali) ya 7 hivi, ikishuka tumboni ikakutana na asidi kali inazimika. Pepsini, kimeng'enya cha tumboni, sasa ndo kinyume kabisa, yenyewe inataka pH kama 2 ndo iikatekate protini ya samaki, kwa hiyo wale wa kubugia dawa ya kiungulia kila wakishiba (mnajijua) mnaibania kazi yake. Halafu kongosho linamwaga bikaboneti kwenye utumbo mwembamba, asidi inapoa, pH inapanda kuelekea 8, hapo tripsini, kimeng'enya kingine, inaendelea na protini na amilesi nyingine, ya kongosho, inaumalizia ugali.