Yoti za Kilifi, za zamani na za sasa

Ukiuliza hapa Kilifi kwa nini yoti zilipotea, utajibiwa kwa neno moja: maharamia. Ni kweli. Oktoba 2009 mume na mke Waingereza walitekwa kwenye yoti yao, Lynn Rival, wakitoka Shelisheli kuja Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka. Februari 2011 Wamarekani wanne wakauawa ndani ya yoti yao, Quest. Basi, wazunguka dunia wakageukia Rasi ya Tumaini Jema, na wengine wakapakia yoti zao melini huko Maldivi zikashushwe Uturuki. Bahari ipo, mashua iko juu ya meli!

Lakini mimi ni fundi wa mbao, na badiliko ninalolihisi mfukoni halikuletwa na bunduki. Wageni wa zamani walikuja na vyombo vidogo, vya mbao au chuma, vilivyochoka kama wenyewe. Aliyetaka kupanda juu, kaskazini, alisubiri upepo wa kaskazi ukatike, kwa hiyo alikaa miezi, na chombo cha mbao kikikaa hakikosi kuvuja. Ndipo kalafati ya kuziba nyufa, ndipo tanga la kushona, ndipo vijana wa kupiga makasia kumpelekea maji kwa mitungi. Asubuhi walikutana redioni: fulani kafika Tanga, fulani anatafuta pampu, nani ana dawa ya malaria. Anayetafuta pampu alielekezwa kwetu.

Sasa wanarudi, ingawa kidogo kidogo. Januari 2023 mashirika ya meli yaliifuta Bahari ya Hindi kwenye orodha ya maeneo ya hatari kubwa, na Julai mwaka huohuo Starlink, intaneti ya setilaiti, ikaanza kuuzwa Kenya. Kabla mwaka haujaisha Wahuthi wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, kwa hiyo mlango wa kaskazini haujakuwa salama. Anayekuja leo huwa na katamarani ya faiba, yaani yoti ya matumbo mawili yaliyounganishwa, sola juu, mashine ya kugeuza maji chumvi kuwa matamu. Mitungi ya nini tena? Pampu anaiagiza mtandaoni, na mkutano wa asubuhi anaufanya na ofisi yake Ulaya.

Wazee wa yoti huwacheka hawa kwamba hawajui kupima jua wala nyota ili wajue walipo. Mimi siwacheki. Wanalea watoto humo ndani, wanalipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo, na wale wa zamani, Mungu awape heri, walikuwa hodari wa kukopa.

Kinachonisumbua ni hizo katamarani. Yoti ya mkuku mmoja, ule uti wa chini ya chombo, ukiitoa majini lazima uitegemeze kwa nguzo, na nguzo zinataka watu wanaojua. Katamarani unaileta mchangani maji ya bamvua, yale makubwa kuliko yote, yakijaa. Yakitoka, inakaa yenyewe wima. Mwenyewe anashuka na brashi, anasugua magamba, mkewe anamrekodi kwa simu. Rangi ikimwishia katikati ndipo ananipigia, na maji yameshaanza kujaa.