Picha yangu ya kwenye beseni ilivyomtetea Shangazi barazani

Nianze na yule kishoka wa steshenari, maana mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka. Aliniambia, "Kaka, picha haidanganyi. Piga jiko, printi, peleka. Kesi imekwisha." Akachukua elfu kumi na tano na kitu, akatoa picha alizonirushia mpwa wangu kwa WhatsApp, kwenye karatasi ya kawaida, wino unakaribia kwisha. Jiko letu likatoka kama gari lililogongwa.

Kesi yenyewe ni hii. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ipo Ngamiani, Tanga: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani kuna kisima, choo na jiko. Jirani wa nyuma alinunua miaka ya tisini, akakaa kimya. Baba alipofariki ndipo akaibuka kudai kwamba jiko tulilijenga mwaka 2006 ndani ya kiwanja chake. Shangazi, aliyekulia humo, anasema jiko lilikuwepo yeye akiwa hajavunja ungo. Msimamizi wa mirathi ni mimi, hivyo mimi ndiye niliyefungua shauri mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, nikawa mleta maombi, bila wakili.

Nikatoa makaratasi yangu kwa mbwembwe. Wakili wa jirani akasimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina pingamizi." Nani alipiga? Mpwa wangu. Yuko wapi? Dar. Atakuja kutoa ushahidi? Kimya. Simu aliyopigia iko wapi? Ameshaiuza. Nani alizitoa kwenye karatasi? Nikataka kumtaja kishoka, nikaona aibu. Akataja kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Ushahidi wa kielektroniki haukataliwi kwa kuwa wa kielektroniki tu, lakini baraza linatazama ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, ulivyofika pale, na kama haukuguswa njiani. Mwenyekiti akanirudishia makaratasi yangu.

Yule wakili hakuishia hapo. "Hata zingepokelewa, mheshimiwa, jiko kuwepo leo hakuna anayekataa. Tunachobishania ni lini lilijengwa." Niliumia, lakini kusema kweli aliyenifundisha kesi yangu ni wakili wa upande wa pili, na hakunitoza hata senti.

Nikaomba ahirisho. Kuna dada mmoja msaidizi wa kisheria, huyo ndiye aliyeninyoosha. Alinionyesha kwamba kanuni za mabaraza za mwaka 2003 zinaruhusu kuleta nyaraka ambazo hukuambatisha mwanzoni, mradi usikilizwaji haujafungwa na upande wa pili wapewe nakala. Kisha akaniuliza swali moja: "Shangazi yako anabishiwa nini hasa? Tafuta picha inayojibu hilo tu."

Nyumbani tukapindua masanduku. Harusi, maulidi, watu wamejipanga barazani mbele ya nyumba. Uani hakuna anayepigia picha. Ila moja. Ya rangi nyeusi na nyeupe, nyuma ina mhuri wa studio na mwandiko wa baba: Machi 1984. Katikati kuna beseni la bati, ndani ya beseni nimo mimi, mwaka mmoja na ushei, uchi wa mnyama, nalia. Mama ameinama na kata ya maji. Nyuma yake kisima, na nyuma ya kisima jiko, mlango wazi.

Mama akataka kumletea Shangazi aione, nikakataa katakata. Hapa ndipo ninapojisifu, na nastahili. Shahidi akishaiona picha, kila atakachosema, wakili atamwambia ameisoma humo. Nilitaka aseme kwanza kwa kichwa chake, halafu picha imkute. Shangazi akanuna wiki nzima kwamba tunamficha mambo.

Picha mpya nilipiga mwenyewe, kwa simu yangu, na nilitaka zitoke pale pale baba aliposimama. Nilishika nakala ya ile ya zamani mkononi nikatafuta vitu viwili visivyohama: ukingo wa kisima na kizingiti cha jiko. Kwenye ya zamani ukingo unakifunika kizingiti upande wa kushoto, kidogo tu. Nikarudi nyuma, nikaenda kulia, bado. Nikaja kugundua baba alikuwa amechuchumaa, nami nimesimama kama mlingoti. Nikashuka, nikaishia kulala kifudifudi kwenye matope ya kisimani, watoto wa jirani (jirani huyo huyo!) wakinichekelea juu ya ukuta. Vitu vikalingana. Nikapiga tena nikiwa nimelaza futi kamba kando ya kisima ili vipimo vionekane.

Picha sikuzipitisha WhatsApp, maana inazipunguza ubora na kufuta taarifa za tarehe zilizo ndani yake. Nilikwenda na simu na waya hadi studio, zikasafishwa nikiwa nimesimama pale pale, kisha nikala kiapo kwa kamishna wa viapo: simu ni yangu, ni nzima, nilipiga siku fulani, sikuongeza wala kupunguza kitu. Yote pamoja labda elfu arobaini, sikuweka risiti zote. Simu nayo nikaenda nayo barazani. Safari hii picha zikapokelewa.

Shangazi akaingia. Wakili akamwanza: "Bibi, jana mchana ulikula nini?" Akajibu, "Ya jana sina haja nayo, mwanangu. Jiko lile ndilo lililoniunguza mkono huu." Akaeleza mlango ulivyotazama kisima, matundu matatu ya moshi juu ya mlango, la katikati limezibwa kwa kopo la samli kwa sababu ya popo. Wakili akatabasamu, maana kwenye picha zangu mpya hakuna kopo. Matundu yote matatu yako wazi. Akamwandama hapo: kopo lipi, bibi, unaota? Nilikaa na mkono mdomoni nisicheke.

Mama akafuata, maana ndiye aliyeitunza ile picha na ndiye aliyemo. Ikapokelewa, ikapita kwa mwenyekiti, ikafika kwa wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kumpa maoni. Mzee mmoja akavaa miwani, akasema, "Kopo hili hapa."

Wakili akajaribu mlango wa mwisho: tarehe ya nyuma mtu yeyote anaweza kuiandika, na tutajuaje mtoto huyu ndiye mleta maombi? Mama akamjibu, "Nimemzaa mimi, nani tena anijulishe?" Nikatoa cheti cha kuzaliwa. Na kwa kuwa kwenye picha baka la kwenye goti langu la kulia linaonekana, nikaomba ruhusa nikunje suruali. Mwenyekiti akainama kutazama, akaandika. Yaani nilianza kesi nikiwa na tai, nikaimaliza na mguu wazi.

Usisubiri baraza lije kujionea nyumbani kwako. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1980, katika shauri la Nizar Ladak dhidi ya Gulamali Fazal Janmohamed, kwamba kutembelea eneo kuwe kwa nadra, maana mwamuzi anaweza kujikuta amegeuka shahidi. Kwetu hawakuja.

Wazee wa baraza walitoa maoni yao kwa maandishi, kisha hukumu: maelezo ya shahidi wa pili yameungwa mkono na kielelezo hadi kwenye jambo ambalo leo halipo tena, jiko limekaa hapo zaidi ya miaka 12, ambao ndio ukomo wa muda wa kufungua madai ya ardhi, na dai la 2006 halina mguu. Jirani ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na mtaani anasema atakata.

Kwa hiyo picha halisi imebaki kwenye jalada. Nilitengeneza nakala nzuri kabla sijaikabidhi, nanyi fanyeni hivyo, ila Mama haitaki hiyo nakala. Kila Jumatatu ananiuliza kama karani ameshairudisha.