Jinsi nilivyopanga jeni za kifo cha seli katika mnyoo

Huntha (mwenye viungo vya uzazi vya kike na vya kiume) wa mnyoo Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa takriban milimita 1, huunda seli 1,090 za mwili, na kati ya hizo 131 hufa kwa mpangilio usiobadilika, kama John Sulston na wenzake walivyobainisha kwa kuzifuatilia moja baada ya nyingine. Katika masomo yangu ya maabara nilitaka kuuona mpangilio huo mwenyewe na kuthibitisha ni jeni ipi inayotangulia nyingine.

Ugumu wa kwanza ni kwamba seli iliyokufa humezwa upesi na seli jirani. Kwa hiyo nilitumia minyoo ambao jeni yao ya ced-1 imeharibika, kwa kuwa ndani yao mabaki hayamezwi bali hubaki, na chini ya hadubini yenye lenzi za Nomarski, zinazowezesha kuona seli hai bila kuzipaka rangi, huonekana kama vifungo vidogo vinavyong'aa. Nilipowazalisha pamoja na minyoo wasio na ced-3 inayofanya kazi, yaani jeni inayohitajika ili seli zife, vizazi vilivyorithi kasoro zote mbili havikuwa na mabaki hayo hata kidogo. Hilo ndilo Hilary Ellis na Robert Horvitz walilolitangaza mwaka 1986, nami nililiamini zaidi nilipohesabu viini vya seli katika sehemu ya mbele ya koromeo na kukuta seli za ziada ambazo kwa kawaida zingekuwa zimekufa.

Kazi iliyonifundisha zaidi ilikuwa ya ced-9. Jeni hii hulinda seli. Ikipotea, seli zilizostahili kuishi hufa, na watoto wa mama asiye nayo huangamia wakiwa viinitete. Hata hivyo, nilipoiondoa ced-9 na ced-3 kwa pamoja, minyoo waliishi na kuzaa, jambo linaloonyesha kwamba ced-9 hufanya kazi kwa kuizuia njia inayoishia kwenye ced-3. Ced-4, jeni nyingine inayohitajika ili seli zife, ilinipa matokeo yaleyale nilipoiondoa pamoja na ced-9, na hapo uzalishaji wa namna hii hufikia kikomo, kwa sababu ced-3 na ced-4 zikiharibika huacha dalili zinazofanana. Ili kuzitenganisha ilinibidi nitegemee majaribio yaliyochapishwa, ambamo ced-4 ililazimishwa kutenda kupita kiasi ndani ya seli: seli nyingi zilikufa ced-3 ilipokuwepo, na chache kuliko hizo ilipokosekana, jambo linaloonyesha kwamba ced-4 huitangulia ced-3.