Siku Yangu ya Kuandaa Kipindi Kuhusu Walinda Amani wa Kongo

Saa 12 asubuhi nilikuwa nimeshafika mwalo wa Kibirizi, kwani watu niliotaka kuwasikia husafiri usiku kwa boti kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ninafanya kazi katika redio ya jamii hapa Kigoma, na kipindi cha jioni kilihusu wanajeshi wa kigeni wanaolinda amani mashariki mwa Kongo. Mama mmoja muuza mawese kutoka Baraka, mji wa Kivu Kusini upande wa Kongo, alinijibu huku akikaza vifuniko vya madumu yake. Alisema kwamba zamani gari jeupe la Umoja wa Mataifa lilipoegeshwa njia panda, wanawake walithubutu kwenda kulima mashamba ya mbali; lilipoondoka, walilima nyuma ya nyumba tu.

Kufikia saa 3 nilikuwa mezani nikiandika maelezo, na hapo nilikaa muda mrefu, kwa sababu wasikilizaji wengi hudhani Umoja wa Mataifa una jeshi lake. Hauna. Kila askari anayevaa kofia ya bluu ametolewa na nchi yake, ambayo hurejeshewa gharama. Kongo wamehudumu Wapakistani, Wahindi, Wauruguay, Wachina na wengine wengi. Novemba 2012 waasi wa M23 waliiteka Goma ilhali walinda amani wamo mjini, na baada ya fedheha hiyo Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 Machi 2013, likaunda Brigedi ya Kuingilia Kati ya askari kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ambayo kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Brigedi hiyo iliruhusiwa kuyashambulia makundi yenye silaha bila kusubiri kushambuliwa, na kabla ya mwaka huo kwisha jeshi la Kongo, likisaidiwa nayo, lilikuwa limewashinda M23.

Saa 7 mchana nilikwenda Ujiji kwa mzee mmoja, mstaafu wa JWTZ aliyehudumu Kivu Kaskazini. Bereti yake ya bluu ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na ukingo wake wa ngozi umepauka kwa jasho. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nilimwelewa mama aliyekuwa akilia sokoni, wenzangu wa kutoka mbali walimsubiri mkalimani." Naamini hilo ni jambo kubwa, kwa maana raia hutoa taarifa ya hatari kwa anayemwelewa. Mazungumzo yetu yalipofika kwenye tukio la Semuliki, wilayani Beni, ambako tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania ilivamiwa na askari wetu 15 wakauawa, aliniomba niisome idadi hiyo hewani polepole.

Alasiri ilikwisha katika kuhariri sauti.

Saa 1 usiku tulikuwa hewani, na simu hazikukatika. Msikilizaji wa Kasulu, mkimbizi wa zamani, alikumbusha maandamano ya Julai 2022 ya Goma na Butembo, ambapo wananchi waliwataka walinda amani waondoke kwa kuwa mauaji yalikuwa yakiendelea mbele ya macho yao. Mwingine aliuliza ni nani humshtaki askari anapomdhulumu raia. Nilimjibu kwamba mashtaka ya jinai huachiwa nchi iliyomtuma, nikaongeza kwamba kwa maoni yangu utaratibu huo humwacha mlalamikaji mbali mno na mahakama, maana kesi inaweza kusikilizwa bara jingine asikopata hata nauli ya kufika.

Saa 3 usiku, tukiwa tumeshazima mitambo, mhariri wangu alitaka kipindi kijacho kihusu mada nyingine. Nilikataa. Walinda amani walihitimisha kazi yao Kivu Kusini Juni 2024, na yule mama wa Baraka bado ana shamba lake la mbali. Nimeomba wiki ijayo tuwahoji wanaovuka kutoka huko, tuwaulize ni nani sasa anayelinda njia za mashambani, naye amekubali kunipa saa nzima.