Siku moja maishani mwangu: mhimilishaji wa ng'ombe miteremkoni mwa Mlima Meru

Saa 11 alfajiri. Simu inaita hata jogoo hajawika. Ni bibi mmoja wa kitongoji cha juu. "Daktari, mtamba wangu analia, anapandana na wenzake."

"Shikamoo bibi. Ameanza lini?"

"Marahaba. Sasa hivi. Jana jioni alikuwa kimya."

"Akipandwa yeye, anasimama au anakimbia?"

Swali hili siliachi kamwe, maana wengi huniita kwa ajili ya yule anayepanda, kumbe mwenye joto la kweli, yaani aliye tayari kushika mimba, ni anayepandwa akatulia. Bibi anatoka na tochi, anarudi hewani: anasimama. Namwambia nitafika jioni. Joto la ng'ombe huchukua kama saa 18, na yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha. Ndiyo maana sisi wahimilishaji, tunaowapandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mkono, tunasema: akionekana asubuhi, mhudumie jioni, akionekana jioni, mhudumie kesho yake asubuhi.

Saa 12 asubuhi nakamua ng'ombe wangu. Namwosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, nasubiri kama dakika moja, chuchu zinajaa. Mguso ule unaamsha homoni ya oksitosini inayosukuma maziwa yashuke, na nguvu yake ni ya dakika chache tu. Mpigie kelele au mchape, naye atayazuia. Mimi sivumilii mtu apige ng'ombe bandani. Kila lita moja ninayoimimina kwenye ndoo imehitaji lita 400 hivi za damu kupita kwenye kiwele. Mnyama anayefanya kazi kubwa namna hiyo anastahili kukamuliwa kwa utulivu.

Saa 3 nafika kwa mzee mmoja ambaye ng'ombe wake amezaa usiku. Ndama amesimama, anatetemeka, na dang'a iko kwenye sufuria kando. Mzee alikuwa anangoja maziwa "yasafike" kwanza. Nimeomba chupa hata kabla ya kukaribishwa kiti. Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa ameshapokea kinga ya mama kupitia kondo la nyuma. Ndama hazaliwi nayo. Kinga yake yote ya mwanzo imo kwenye yale maziwa mazito ya njano, na utumbo wake huipitisha hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Saa 6 za kwanza ndizo zenye thamani. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Ndama alikunywa lita mbili na nusu, akalala. Mzee hakuwa mzembe, ni kwamba hakuna aliyewahi kumweleza.

Saa 6 mchana ndipo kazi ngumu iliponikuta. Ng'ombe alikata kamba usiku, akaingia stoo, akala karibu debe zima la mahindi yaliyopukuchuliwa. Amesimama kichwa chini, hacheui. Nimeweka ngumi ubavuni kushoto, nyuma ya mbavu, nikahesabu. Tumbo kubwa la ng'ombe mzima hujikunja mara moja au mbili kwa dakika, na unalisikia likiviringika chini ya mkono. La huyu lilikuwa kimya.

Nikamweleza kijana wa nyumba ile ninachokiamini: wewe hulishi ng'ombe, unalisha vijidudu. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu. Anavuta majani kwa ulimi, anameza haraka, kisha anacheua hata saa 8 kwa siku. Tumbo lile kubwa, la kwanza kati ya manne, linaweza kubeba zaidi ya lita 100, na humo vijidudu visivyohesabika huchachusha mabingobingo na mabua, vitu ambavyo ng'ombe mwenyewe hawezi kuvimeng'enya. Baadaye vijidudu hivyo husukumwa hadi tumbo la nne, navyo vinameng'enywa, vinakuwa protini yake. Mate anayotoa akicheua, zaidi ya lita 100 kwa siku, ndiyo yanayopunguza asidi. Nafaka nyingi kwa ghafla huzalisha asidi kuliko mate yanavyoweza kuituliza, vijidudu vinakufa, na ng'ombe anaweza kufuata. Tulimnywesha baikaboneti ya soda iliyoyeyushwa kwenye maji, tukamwekea majani makavu peke yake. Saa 10 alasiri kijana alipiga simu: amecheua. Nilisimamisha pikipiki pembeni, nikamshukuru Mungu.

Saa 12 jioni niko kwa bibi. Ute unaning'inia, mwangavu, unavutika kama wa yai. Natoa mrija wa mbegu kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ambayo baridi yake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu ni za dume wa kituo cha uhimilishaji cha Usa River. Nauyeyusha kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 40. Mkono wa kushoto umevaa glavu hadi begani, unaingia kwa nyuma na kushika shingo ya kizazi. Wa kulia unapitisha bomba taratibu.

Bibi anaangalia bila kupepesa. Mtamba wake wa kwanza alizaliwa pacha na dume, akamlisha miaka mitatu, akalipia uhimilishaji mara nne, wapi. Hakuna aliyemwambia kuwa mapacha wa namna hiyo huchangia mishipa ya damu tumboni, homoni za dume zinaharibu kizazi cha jike, na zaidi ya 9 katika 10 huwa tasa. Miaka mitatu ya majani kichwani kwa mama wa umri ule inaniuma hadi leo.

"Huyu alizaliwa peke yake," anasema, kana kwamba ananiuliza.

"Peke yake, bibi. Kizazi chake nimekishika, kiko sawa."

Anachukua kipande cha mkaa, anachora mstari kwenye nguzo ya banda. Siku ya 21 kuanzia leo nitampigia mimi: kama mtamba hajalia tena, dalili kwamba ameshika mimba, tutaendelea kuhesabu hadi miezi tisa.